Simba Jike, Shujaa Anayehesabu

Anime, yaani katuni za Kijapani, hupenda kumwonyesha shujaa ambaye mpendwa wake akiguswa hugeuka ghafla na kupata nguvu asizokuwa nazo awali. Katika Dragon Ball ya Akira Toriyama, kwa mfano, kuuawa kwa rafiki yake Krillin ndiko kunakomfanya Goku awe na nywele za dhahabu. Mnyama anayekaribia kufanana na shujaa huyo yumo katika nyika zinazopakana na vijiji vya tarafa ya Idodi, mkoani Iringa, kuanzia eneo la jumuiya ya MBOMIPA, kifupi cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iliyoanzishwa mwaka 1964. Mnyama huyo ni simba jike, ambaye kabla ya kupandwa na ujasiri huhesabu kwanza.

Kundi la simba kiini chake ni majike wa ukoo mmoja, mama na mabinti, dada na mama wadogo, wanaozaa kwa nyakati zinazokaribiana na kunyonyesha pamoja. Hatari yao kubwa ni madume wageni, kwa kuwa dume anayeteka kundi huua watoto aliowakuta ili mama zao warudi mapema katika joto, yaani hali ya kuwa tayari kupandwa. Na utafiti uliofanywa Serengeti umeonyesha kwamba mama aliye peke yake mara nyingi hushindwa kumzuia, ilhali wawili au zaidi wakisimama pamoja huweza kuwaokoa baadhi ya watoto.

Huko huko Serengeti, Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey, waliochapisha matokeo yao mwaka 1994, walificha spika na kupiga ngurumo zilizorekodiwa za majike wageni, mara ya jike mmoja, mara ya watatu kwa pamoja. Majike wenyeji waliposikia sauti moja waliifuata. Waliposikia tatu walisita, wakasogea kwa tahadhari, na kadiri walivyokuwa wengi ndivyo walivyothubutu zaidi. Misuli ilikuwa ile ile na makucha yale yale, ila idadi ya ndugu waliokuwa ubavuni ndiyo iliyobadilika.

Hata hivyo, undugu huo hauna usawa unaosimuliwa katika katuni. Robert Heinsohn na Packer walibaini, mwaka 1995, kwamba katika kundi moja wapo majike wanaotangulia kila mara kuelekea ngurumo za wageni na wapo wategeaji, wanaobaki nyuma. Anayetangulia anamjua mtegeaji wake: akiandamana naye hupunguza mwendo na kugeuza shingo kumtazama mara nyingi zaidi, lakini hamwadhibu, bali huendelea kuifuata ngurumo.