Ugoro na Dawa za Miti Shamba

Katika mkoa wa Singida ugoro ni jambo la heshima. Mzee akimtembelea mzee mwenzake, pengine kabla ya habari za mvua na mifugo hazijaulizwa, hutoa kikopo mfukoni, akagonga kifuniko chake kwa kidole, akamnyoshea mwenyeji. Hatukusudii kuidharau desturi hiyo. Twaandika kwa sababu kikopo hicho, katika nyumba nyingi, hukaa pamoja na chupa za mizizi na magome yaliyochemshwa, na mwenye nyumba hutumia vyote viwili siku ile ile bila ya kujiuliza kama vyapatana.

Neno tulisikialo mara kwa mara ni kwamba kitu kitokacho shambani hakiwezi kumdhuru mtu. Wakulima wetu ndio wawezao kulikanusha kwanza, maana nani kati yao asiyejua habari za muhogo mchungu? Tumbaku nayo ni mti shamba. Nikotini iliyomo ndani yake, ambayo wataalamu wawili wa Heidelberg, Ujerumani, waliitenga mwaka 1828, ni sumu ambayo mmea hujitengenezea ili usiliwe na wadudu, na kwa miaka mingi wakulima wa nchi nyingi walinyunyizia bustani zao maji ya tumbaku kwa kusudi hilo hilo.

Tazama sasa jinsi ugoro unavyotengenezwa. Tumbaku kavu husagwa, ikachanganywa na magadi, yale yale ambayo mama hutia katika mlenda na maharage. Wengi hudhani kuwa magadi ni ya kuongeza ukali wa ladha tu. La hasha! Magadi huiachilia nikotini ipenye upesi katika ngozi laini ya pua na ya mdomo, hata ikafika katika damu kwa muda mfupi. Basi mchanganyiko wa kwanza wa kuangaliwa si ule wa ugoro na dawa ya mganga, bali huu ulio ndani ya kikopo chenyewe. Na tusisahau kwamba tumbaku isiyo na moshi imekwisha kutiwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani katika orodha ya vitu viletavyo saratani.

Nikotini ikiingia mwilini huubana mshipa wa damu, huuharakisha moyo, na kuipandisha presha. Hapa ndipo hatari ilipo kwa wazee wetu. Mtu aliyeambiwa kuwa presha yake imepanda hunywa maji ya choya, au hutafuna kitunguu saumu asubuhi, na kweli vitu hivi viwili vimeonekana katika majaribio kuwa huishusha presha kidogo. Lakini akiketi barazani akavuta ugoro mara sita kutwa, mkono mmoja wabomoa kile ambacho mwingine wajenga. Naye huondoka akimlaumu mganga! Ubaya zaidi ni kwa yule ambaye dawa yake ni ya kuchangamsha mwili, au atafunaye mirungi, ambayo sheria za Tanzania zimeipiga marufuku. Kichangamshi na nikotini huusukuma moyo upande mmoja, na moyo wa mzee hauna nguvu za kustahimili masukumo mawili.

Lipo jambo jingine ambalo twalisema kwa masikitiko. Wako akina mama wajawazito wanaotumia ugoro kutuliza kichefuchefu, wakiuhesabu kuwa ni dawa mojawapo ya dawa za kienyeji. Nikotini humfikia mtoto tumboni. Uchunguzi uliofanywa Sweden na India umeonyesha kwamba mama atumiaye tumbaku isiyo na moshi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua mtoto mfu, au mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Tena wako wanaoloweka majani ya tumbaku na kuyanywa maji yake kwa ajili ya minyoo. Hili lisifanywe kabisa. Sigara moja ina miligramu 10 hivi za nikotini, lakini mvutaji hupata kama 1 tu, nyingine zikapotea. Anywaye maji ya majani hana kipimo chochote. Wakulima wa Manyoni wapaswa kujua kuwa hata kuyakumbatia majani mabichi yenye umande wakati wa kuvuna hupitisha nikotini katika ngozi, na mvunaji akashikwa na kizunguzungu na kutapika. Ikiwa ngozi kavu ya mkono yapitisha kiasi hicho, tumbo la mtoto mdogo litafanyaje?

Kwa wavuta sigara kuna shauri lao peke yao. Moshi, wala si nikotini, hulifanya ini liondoe upesi baadhi ya vitu mwilini, kama kahawa na aminofilini, dawa ya pumu. Mtu akiacha kuvuta, jambo ambalo twalipongeza, vitu hivyo hubaki mwilini zaidi, na kipimo cha jana chaweza kuwa kikubwa mno leo. Amwarifu daktari wake.

Serikali ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, na ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003. Waganga wa jadi watambuliwa na sheria, na twawaomba wawe na desturi ya kumwuliza mgonjwa kama anatumia ugoro kabla ya kumpa mizizi. Wauguzi wa zahanati nao waulize habari za mizizi bila ya kukemea, maana mzee akikemewa hufunga mdomo. Na anayekwenda kupimwa presha akiache kikopo chake mfukoni kwa nusu saa kabla ya kipimo, asije akaandikiwa dawa kwa presha iliyopandishwa na ugoro wa mlangoni.