Gari Likikwama Njiani, Okoa Watu Kwanza

ILIKUWA yapata saa kumi na mbili jioni, mwezi wa Agosti. Tulikuwa tukirudi Nairobi kutoka Narok. Tulikuwa tumeshapita mji wa Mai Mahiu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita kutoka Italia mwaka wa 1942, na sasa gari letu kuukuu lilikuwa likijikokota kupanda mlima kuelekea Limuru. Kiti cha nyuma walikuwa watoto wetu wawili na nyanya yao.

Ghafla taa nyekundu ya betri ikawaka. "Hiyo huwaka tu, si neno," mume wangu akasema. Hata hatukufika mbali. Mshale wa joto ulipanda hadi mwisho, mvuke ukaanza kufuka chini ya boneti na injini ikazima papo hapo, hatua chache baada ya kona.

Tulifanya yale ambayo familia nyingi hufanya. Mume wangu alifungua boneti akainama ndani. Mimi nikamshikia tochi. Nyanya na watoto tuliwaacha ndani kwa sababu nje kulikuwa na baridi na ukungu. Hakuna aliyekumbuka kuweka alama yoyote barabarani.

Aliyetuzindua ni dereva wa lori lililokuwa likipanda polepole. Aliegesha mbele yetu akaja mbio. "Mzee, achana na injini," alimwambia mume wangu. "Mtoe shosho na watoto kwanza. Gari hununuliwa."

Tuliwatoa kwa mlango wa kushoto, tukawasimamisha mbali na gari, upande wa mlima. Utingo wa lori alikuwa akichukua alama zao za tahadhari matatu moja ilipokata kona kwa kasi. Dereva wake alituona akiwa ameshatufikia. Alilikwepa gari letu kwa upana wa kiganja, akaenda na kioo cha pembeni. Watoto walilia. Mimi nilikuwa nikikitazama kile kiti cha nyuma, kitupu.

Msomaji, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata karibu mita 22 kila sekunde. Ukiweka alama mita 20 nyuma ya gari lako, dereva anayekuja ana sekunde moja tu ya kuiona, kufikiri na kukanyaga breki. Haitoshi. Ndiyo maana yule utingo alitembea hadi upande wa pili wa kona kabla ya kuweka pembetatu ya kwanza, ile ambayo wengi huiita layfseva. Hesabu hatua 100 ukiweza, na kama kuna kona au mlima, alama ikae kabla ya kona au kabla ya kilele. Washa pia taa za tahadhari.

Wasio na pembetatu hukata matawi au kupanga mawe. Tawi ni afadhali kuliko kukosa alama kabisa, lakini mara nyingi gari likishapona dereva huondoka na kuyaacha mawe pale pale. Usiku huohuo mwenye pikipiki anayagonga. Ukiweka kitu barabarani, kiondoe kabla ya kwenda zako.

Baada ya watu kuwa salama, ndipo tuligeukia injini. Mume wangu alitaka kufungua kifuniko cha rejeta atie maji. Dereva akamshika mkono. Maji yaliyo ndani ya rejeta moto yamebanwa, na kifuniko kikifunguliwa huruka na kumbabua mtu uso na mikono. Ngoja nusu saa au zaidi, kisha ufunike kwa kitambaa kizito na ukizungushe polepole. Tena usimwagie injini moto maji baridi kwa pupa, kwani chuma kinaweza kupasuka.

Chanzo cha yote kilikuwa mkanda wa feni. Katika magari mengi ya zamani mkanda huo mmoja ndio huzungusha feni, pampu ya maji na altaneta inayochaji betri. Ukikatika, kwanza taa ya betri huwaka, kisha injini huchemka. Kumbe ile taa iliyokuwa "si neno" ilikuwa ikituomba tusimame!

Dereva alimpigia simu makanika anayemfahamu Mai Mahiu. Kijana huyo alifika kwa bodaboda na mikanda mitatu ya ukubwa tofauti. Tulipatana bei kabla hajagusa spana, na mmoja wetu akabaki na ufunguo wa gari mkononi. Hayo nayo ni ya kukumbuka unapohudumiwa na mtu usiyemjua. Hata saa moja haikupita, tukamlipa kwa M-Pesa, tukaondoka.

Kinachoniuma ni kwamba fundi wetu wa mtaani alikuwa ametuonyesha nyufa za mkanda huo wiki mbili kabla ya safari. Tulimwambia tungeubadilisha mwisho wa mwezi, kwani karo ya muhula wa tatu ilikuwa ikitungoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi nusura tuchimbe kaburi.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Lakini likishaingia hukaa nasi miaka mingi, likipita mkono hadi mkono, na wengi wetu hatuna uwezo wa kununua jingine. Si kosa kuendesha gari kuukuu. Kosa ni kulipeleka safari ya mbali bila kulikagua.

Kwa hivyo jioni ya kuamkia safari, injini ikiwa baridi, tazama maji, oili, mikanda, breki na magurudumu, pamoja na lile la akiba. Tia ndani ya buti pembetatu mbili, tochi, jeki, mtungi wa maji na mkanda wa ziada. Wabebee watoto masweta hata kama jua ni kali.

Na gari likikwama, kabla ya kufungua boneti, fungua milango.