Kipima sukari kimoja, wazee ishirini

Mwaka 2010, katika nyumba moja ya kulelea wazee huko North Carolina, Marekani, wakazi 15 walikuwa wakisaidiwa kupima sukari. Wanane walipata homa ya ini B, sita wakafa. Miongoni mwa wakazi 25 ambao hawakuwa wakipimwa, hakuna aliyeambukizwa. Kalamu za kutobolea kidole zilikuwa zikitumika kwa zaidi ya mtu mmoja, na vipima sukari vilihama mzee hadi mzee bila kutakaswa.

Halikuwa tukio la pekee. Kati ya 2008 na 2019, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilihesabu milipuko zaidi ya 15 ya ugonjwa huo katika makao ya wazee, mingi ikitokana na upimaji wa sukari. Kirusi chake hudumu siku 7 au zaidi juu ya kitu kikavu, hata pasipo doa la damu linaloonekana.

Kutakasa kunagharimu kiasi gani? Tuchukue mfano wa nyumba yenye wazee 20 wa kisukari, kila mmoja akipimwa mara 4 kwa siku: vipimo 80 kwa siku, 29,200 kwa mwaka. Kopo la vitambaa 160 vyenye dawa tulikadirie dola 10. Yatahitajika makopo 183, yaani dola 1,830.

Mhasibu atalalamikia makopo. Mimi naona mzigo uko kwenye saa. Dawa haiui papo hapo. Kifaa sharti kibaki kimelowa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukiwa dakika 2, kipima kimoja kinaongeza dakika 40 kila mzunguko, saa 2 na dakika 40 kwa siku. Nesi ambaye wazee wake wanangoja insulini kabla ya chai ya asubuhi hana dakika hizo. Atapangusa juu juu, apite.

Vipima viwili vya kupokezana huondoa karibu subira yote. Ila bora kila mzee awe na chake, kama CDC inavyoshauri: vipima 20 kwa dola 20 ni dola 400, na vitambaa vinapungua mno. Vijiti vya kupimia ni 29,200 kwa vyovyote vile. Kalamu ya kutobolea haina mjadala: ni ya mtu mmoja tu.

Kipima kiandikwe jina, kikae chumbani kwa mwenyewe. Vikirundikwa pamoja kwenye droo ya toroli, dola 400 zimekwenda bure.