Kipima unyevu kikisoma ovyo, usikimbilie bisibisi

Msimu wa kuuza mahindi ndio huu, na simu nyingi ninazopokea ni za lawama: mzigo uleule asubuhi umesoma 13, mchana 15. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa hiyo hizo namba mbili zinatosha kumrudisha mkulima nyumbani na magunia yake, au kuingiza ghalani mahindi mabichi yatakayoota ukungu na kuleta sumukuvu.

Naongelea zile mashine za mezani zinazopasha sampuli joto huku zikiipima uzito. Uzito unaopungua ndio unyevu. Basi chochote kinachovuruga mzani kinavuruga jibu: feni, upepo wa dirishani, meza inayotikisika kwa sababu kinu kiko ukuta wa pili, unga uliobaki chini ya kisahani. Anza huko. Angalia pia kale kapovu ka kusawazishia kama kako katikati ya duara lake.

Halafu sampuli. Ikitoka kahawia, inanuka kama bisi zilizoungua, joto ni kali mno. Mashine imechoma chakula ikakihesabu kama maji, na mkulima anaonewa. Sampuli iliyokaa wazi juani nayo imeshapoteza maji, itasoma chini. Chota kwa bambo magunia kadhaa, changanya, weka kwenye chombo chenye mfuniko, pima mapema.

Kwenye usalama mimi ni mkali. Kabla ya kusafisha chomoa plagi, siyo kuzima swichi tu, na usubiri ipoe kabisa; taa ya ndani inapita nyuzi 100. Unga futa kwa brashi laini. Usimwagie maji, usipitishe spiriti ikiwa ya moto, usirundike karatasi wala magunia juu yake. Mbegu zilizotiwa dawa usizipashe humo, utavuta moshi wake. Ikinuka waya ulioungua au ikipiga shoti, iache hapohapo, mwite fundi wa mashine hizo. Kuifungua mwenyewe, hapana.

Kuna hili watunza ghala wengi hawalijui: fosfini, gesi ya vidonge vya kufukizia, inakula shaba. Mashine ikiachwa ndani wakati wa ufukizaji, waya zake huliwa taratibu, baadaye inaanza kuzingua bila sababu inayoonekana. Itoeni mapema. Mkiisahau, iacheni hukohuko mpaka mfukizaji aruhusu watu kuingia. Gesi hiyo inaua.

Na wewe mkulima uliye kwenye foleni, omba kipimo kirudiwe, siyo ugomvi. Kabla hujakodi gari, jaribu chumvi nyumbani: chupa ya kioo iliyo kavu, chumvi kavu, mahindi, tikisa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu bado uko juu ya asilimia 15, rudisha turubai juani. Isiponata, 13 na 14 haiwezi kuzitofautisha. Hapo bado unahitaji mashine.