Tangazo la Silaha Redioni: Linakushawishi Vipi, na Wewe Ufanye Nini?

Uko jikoni unasonga ugali, redio iko dirishani. Kati ya wimbo na wimbo linapita tangazo: wenye silaha zisizo na kibali wazisalimishe kwa hiari. Pengine unaona halikuhusu, kwamba bunduki ni mambo ya majambazi. Lakini hapa Kisesa, kama kwingine Usukumani, silaha inaweza kuwa kitu cha karibu zaidi: gobore la babu lililosimamishwa nyuma ya kihenge, ambalo zamani lilifukuza nguruwe pori shambani. Mtoto wa miaka saba anajua lilipo. Wewe pia unajua.

Labda umeshamwambia mtoto asiliguse. Umefanya vizuri, ila haitoshi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliachwa wacheze katika chumba ambacho bastola halisi, isiyo na risasi, ilikuwa imefichwa kwenye droo. Wengi walioiona waliishika, na baadhi walivuta kifyatulio. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika walikuwa wameshafundishwa kuhusu hatari ya bunduki. Mtoto anaweza kukariri onyo lako neno kwa neno na bado mkono ukamshinda. Ndiyo maana tangazo linamlenga mtu mzima anayeishi na silaha hiyo.

Tangazo zuri linafanya nini?

Kwanza linaondoa hofu ya kukamatwa. Mwaka 2017 Umoja wa Afrika uliamua kwamba kila Septemba uwe mwezi wa msamaha, ambapo anayesalimisha silaha haramu kwa hiari hashtakiwi na jina lake halitangazwi. Tanzania nayo imewahi kutoa msamaha wa aina hiyo. Usikilize kwa makini sehemu hii ya tangazo: msamaha unaanza lini, unaisha lini, na silaha inapokelewa wapi. Tangazo linalotisha tu, lenye mlio wa risasi na kilio, bila kusema uende wapi, humfanya mtu abadilishe stesheni.

Pili linajibu shaka ambayo watu hawaitamki: je, hizo bunduki hazitarudi mtaani kwa mlango wa nyuma? Tarehe 15 Novemba 2016, Kenya ilichoma silaha 5,250 hadharani huko Ngong, na aliyewasha moto alikuwa Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto. Moto ule ulikuwa tangazo pia. Aliyeuona hakuhitaji kuamini ahadi ya mtu.

Tatu, na hapa redio ina nguvu zaidi, linatoa hadithi ya kuzungumzia. Mama zetu wanaikumbuka *Twende na Wakati*, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993, na yule Mkwaju, dereva wa lori aliyehangaika na wanawake mpaka UKIMWI ukammaliza. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, hivyo watafiti waliweza kulinganisha. Kule uliposikika, watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Sababu moja kubwa ni kwamba wasikilizaji walizungumza wao kwa wao, mke na mume wakiwemo. Kumjadili Mkwaju kulikuwa rahisi kuliko kumjadili baba watoto.

Jambo ambalo tangazo halisemi

Matangazo mengi humwambia mwenye silaha asalimishe, au jirani atoe taarifa. Mke hasemeshwi. Yeye ndiye anayefagia pale gobore lilipo, na ndiye anayejua kwamba akiuliza vibaya anaweza kuambulia kipigo. Kwetu, hapo tangazo limeishia nusu ya njia.

Lakini unaweza kulitumia kama watu walivyomtumia Mkwaju. Ngoja lipite redioni, kisha sema kwa utulivu: "Baba Kulwa, umesikia wanavyosema? Hata la kwetu lingepelekwa sasa, mtu haulizwi." Umetaja msamaha, hujamshutumu. Akikasirika, acha. Siku nyingine shangazi au mzee anayemsikiliza anaweza kuanzisha.

Wakati mnasubiri, usilishike wala usijaribu kulifungua. Gobore hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, na linaweza kukaa miaka likiwa limejaa bila dalili yoyote kwa nje. Zuia watoto wasiingie chumba hicho, na kama kuna kufuli, lifunge. Baruti nayo isikae karibu na moto. Usilibebe barabarani wala kumtuma kijana alipeleke. Mwenye nalo aende kwanza mikono mitupu kwa mwenyekiti, mtendaji au kituo cha polisi, aulize lifikishwe vipi.

Kama silaha hiyo imewahi kutumika kukutisha wewe au watoto, usingoje tangazo wala Septemba. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa jambo linalomhusu mtoto, piga 116, ni bure.