Kura yako isiishie kwa mchezaji bora wa mwezi

Wewe shabiki wa Gor Mahia ama AFC Leopards, hebu tuulizane. Mwezi uliopita ulimpigia nani kura ya mchezaji bora? Najua jibu liko mdomoni tayari. Pengine hata uliwatumia mabinamu linki wakusaidie kumsukuma juu. Haya, swali la pili: mara ya mwisho kumpigia kura mwenyekiti, katibu ama mweka hazina wa klabu hiyo hiyo ilikuwa lini?

Umenyamaza. Usijali, mko wengi.

Sisi mashabiki tunapenda tuzo, na hakuna ubaya. Kule Dar es Salaam, Simba wamewahi kuwa na tuzo ya mchezaji bora wa mwezi anayechaguliwa na mashabiki wenyewe. Huku kwetu matawi ya mashabiki hufanya hivyo kwa njia ya mtaani: watu wanachanga, mchezaji aliyejituma anaitwa kando baada ya mechi, anapewa bahasha, picha inapigwa, maisha yanaendelea. Kijana ambaye mshahara wake umechelewa hawezi kuidharau bahasha hiyo.

Lakini angalia vizuri vile tuzo kama hiyo inaendeshwa. Kwenye tawi letu kila mtu hutoa shilingi 50 kwa mwezi. Majina yanapendekezwa mapema, kura inafungwa saa iliyotangazwa, na mweka hazina anatuma kwa grupu picha ya kila meseji ya M-Pesa iliyoingia na iliyotoka. Kuna wakati msee mmoja aliongeza namba kumi na moja mpya kwa grupu usiku wa kuamkia kura, wote wakimpenda mchezaji mmoja. Zogo lilikuwa si dogo. Tulikubaliana hivi: anayepiga kura ni yule aliyechanga miezi miwili mfululizo. Kuanzia hapo hatujasikia tena za wizi wa kura.

Hiyo, ndugu yangu, ndiyo uongozi wa klabu. Ni sajili ya wanachama, tarehe ya mwisho ya kujisajili, hesabu zinazoonekana, na sheria inayomfunga hata rafiki yako. Kama tunaweza kudaiana risiti za shilingi 50, kwa nini tunaogopa kuulizia mamilioni?

Usisahau hizi klabu ni za nani. Leopards ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya. Gor ikazaliwa 1968 timu za Luo Union na Luo Stars zilipoungana. Hazikuanzishwa na tajiri mmoja aliyetaka kupata faida. Ni klabu za jamii, mali ya wanachama. Gor ilipochukua Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987 kwa kuwabwaga Esperance ya Tunisia, hakuna bwanyenye aliyesema kombe ni lake. Lilikuwa letu.

Shida ni kwamba mali ya wote huwa rahisi kugeuka mali ya wachache waliohudhuria mkutano.

Na uongozi ukilegea, anayeumia ni mchezaji. SportPesa ilipojiondoa mwaka 2019 baada ya kuvutana na serikali kuhusu ushuru, klabu zote mbili zilibaki zikihangaika kulipa mishahara. Madeni yakafika FIFA. Mwaka 2022 Gor na Leopards zote zilijikuta zimefungiwa kusajili wachezaji kwa sababu ya watu waliofanya kazi bila kulipwa haki yao. Sisi kwa jukwaa tulikuwa tunabishana nani acheze namba tisa, na namba tisa mwenyewe hangeweza kusajiliwa.

Je, mwanachama mmoja angezuia hayo? Peke yake, hapana. Lakini wanachama mia tano wanaouliza maswali yale yale kila mkutano mkuu ni vigumu kuwapiga chenga. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iko upande wao: klabu lazima isajiliwe na Msajili wa Michezo, na iwe na katiba inayosema viongozi wanachaguliwa vipi. Mambo yakikataa kabisa ndani ya klabu, kuna Mahakama ya Kutatua Mizozo ya Michezo. Shida ni kuwa shabiki asiye mwanachama akifika mbele ya milango hiyo, swali la kwanza ni: wewe ni nani hapa?

Ndiyo maana kadi ina uzito kuliko jezi. Jezi inaonyesha unapenda timu. Kadi inaonyesha una haki ya kuuliza.

Kama uko tayari, anza hivi. Ulizia ofisi ya klabu ama viongozi wa tawi lako ada ya uanachama ni ngapi na inaisha lini. Lipa kwa njia rasmi ya klabu, usiweke kwa simu ya mtu binafsi, na utunze meseji ya malipo. Usingoje uchaguzi ukaribie: sajili huwa inafungwa kabla ya kura, na wale wanaojitokeza dakika ya mwisho mara nyingi wamelipiwa na mgombea. Ukilipiwa kadi, jua kura hiyo ishauzwa kabla ufike debeni.

Kisha omba katiba, uisome. Angalia muhula wa viongozi ni miaka mingapi na mkutano mkuu unaitishwa na nani. Ukienda mkutanoni, beba maswali matatu tu: pesa za mlangoni ziliingia ngapi, wachezaji wanadai ngapi, na nani alikagua hesabu? Uliza kwa heshima, lakini usikae chini mpaka ujibiwe.

Najua utaniambia hayo ni mambo ya wazee wenye suti. Wanabaki nayo kwa sababu sisi hatuendi. Mwaka 2025 wanachama wa Leopards walimchagua Boniface Ambani kuwa mwenyekiti, mshambuliaji wao wa zamani ambaye pia aliwahi kufungia Yanga mabao kule Tanzania. Atafaulu ama hatafaulu, hiyo ni kazi ya wanachama kupima. Ila waliompa kiti ni watu waliokuwa na kadi mkononi, siyo waliokuwa na maoni makali mtandaoni.

Na ukiona klabu ni mlima mrefu, anzia kwa tawi. Jitolee kuwa mweka hazina wa hiyo tuzo ya mwezi. Ukiweza kushika pesa za watu arobaini bila shilingi kupotea, huku wakikupigia kelele usiku kucha, ushajifunza kazi ambayo vigogo wengi wa soka yetu imewashinda.

Endelea kumpigia kura mchezaji wako. Anastahili ile bahasha. Lakini anastahili zaidi mshahara unaoingia mwisho wa mwezi, na huo hauletwi na linki. Unaletwa na kiongozi anayejua kuwa kuna watu kwenye ukumbi wenye kadi, na wamesoma hesabu.