Dalali wa Kiboko na Neno "Ploti"

Wengi wetu tunapolisikia neno dalali hukunja uso. Hudhani ni mtu asiye na kazi, aketiye kivulini akingoja jasho la mwenziwe limwingilie mfukoni. Nami nilikuwa na fikira hizo hadi mwaka 2017, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma tulipogoma, nikaenda kukaa majuma kadhaa kwa binamu yangu huko Kiboko, Kaunti ya Makueni, kwenye barabara kuu iendayo Mombasa. Binamu huyo huuza mashamba ya watu.

Ofisi yake ilikuwa meza moja na viti viwili vya plastiki. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye pikipiki, vumbini, na zaidi ya yote katika maneno. Mnunuzi atokaye Nairobi huuliza kwanza habari za maji, na ana haki. Mvua inyeshayo kwenye Milima ya Chyulu huzama ardhini ikaibuka chini kama chemchemi, ndiyo maana Kiboko ina mto ilhali mwendo mfupi tu kutoka ukingoni nchi ni kavu kama mfupa. Basi dalali akisema shamba liko "karibu na mto", neno hilo dogo laweza kumgharimu mtu akiba ya maisha yake. Nimefundisha semantiki miaka mingi, lakini sijawahi kuona neno karibu likipimwa kwa fedha namna ile.

Kwa asili dalali ni neno la Kiarabu, lenye shina moja na dalili: ni mtu aonyeshaye njia. Lakini chombo chake cha kazi siku hizi ni neno jingine, ploti. Wakamba wana ng'undu, ardhi ya ukoo iliyolimwa na kurithishwa. Wana pia weu, mbuga ya malisho ya wote. Yote mawili yakifika mezani kwa dalali huwa ploti, na hapo ndipo kesi nyingi huzaliwa.

Siku moja alikuja mwalimu mstaafu na kiinua mgongo chake, akitaka ekari mbili. Mwenye shamba, mzee wa makamo, alikuwa na hati miliki safi yenye jina lake. Bei ilikubaliwa. Ilibaki kwenda kwa wakili, kisha kuomba kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Binamu yangu, badala ya kufurahia kamisheni, akamgeukia mke wa mzee aliyekuwa akipepeta pojo kando yetu.

"Mwaitu, nawe wasemaje?"

Mama hakuinua uso. Alisema hajui habari za ploti. Ajuacho ni kwamba ile ni ng'undu, na mama mkwe wake amezikwa pale penye mkwaju.

Mzee alikasirika. Mwalimu naye akasema, "Hati nimeiona kwa macho yangu. Kuna nini tena?"

"Mwalimu," binamu akajibu, "hati yasema ni nani mwenye ardhi. Haisemi ni nani atakayekuja na panga utakapoanza kuchimba msingi."

Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 hutaka ridhaa ya mume na mke kabla ya mali ya ndoa kuuzwa. Sidhani binamu yangu aliwahi kuisoma. Wala hakuwa amesajiliwa, ingawa Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inamtaka awe hivyo. Sisemi haya kumsifu. Mwenye kuuza mali ya watu bila usajili amemwacha mteja bila pa kushtaki mambo yakiharibika. Hata hivyo, siku ile ni yeye pekee aliyesikia maneno mawili mahali ambapo sisi wasomi wawili tulisikia moja.

Mwalimu alirudi Nairobi amenuna, fedha zake mfukoni. Mzee hakutusindikiza. Tulipofika barabarani binamu aliagiza chai vikombe viwili, akamwomba mwenye hoteli aandike deni.